Abu Rayhan Al-Biruni na Hesabu ya Nyumba Sitini na Nne

Twaendelea na desturi yetu ya kueleza maisha ya waliotangulia ambao waliacha faida nyuma yao. Mara hii tumemchagua Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, mtu ambaye jina lake lajulikana na wengi lakini kazi zake zasomwa na wachache. Na katika kazi hizo, ambazo ni nyingi mno, tumeitwaa moja tu ituongoze: hesabu ya namba moja kubwa sana, aliyoiandika yapata mwaka 1000.

Sababu ya kuichagua hesabu hiyo ni mambo yaliyopo kwetu. Ndugu zetu wa Kitengela na wa Kajiado, wenye maduka, wenye mifugo na wenye kununua viwanja kidogo kidogo, wamezungukwa siku hizi na vitu vizidivyo maradufu. Yako madeni ya simu yaanzayo kwa fedha ya chai, na iko michezo ya fedha iahidiyo kurudisha mara mbili. Asiyejua nguvu ya maradufu huingia katika mambo hayo kama aingiaye mtoni usiku asijue kina chake. Al-Biruni alikijua kina hicho. Alikipima mpaka chini, akawaachia watu kipimo.

Alizaliwa tarehe 3 Mfungo Tatu mwaka 362 Hijria, ambayo ni tarehe 5 Septemba mwaka 973, katika mji wa Kath nchini Khwarizm, kusini ya Bahari ya Aral. Mahali hapo leo ni katika nchi ya Uzbekistan. Neno birun katika Kiajemi ni nje, na jina lake lilitokana na kuzaliwa kwake kando ya mji. Hakuwa mwana wa mfalme wala wa mwanachuoni mashuhuri. Lakini Mungu alimjalia mwalimu mwema, naye ni Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo uliokuwa ukitawala nchi ile, na mjuzi mkubwa wa hesabu za pembe na za nyota. Mwalimu huyo hakumnyima kitu. Kijana alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alikwisha kupima kwa chombo chake mwenyewe ni umbali gani mji wa Kath ulivyo kaskazini ya ikweta.

Haukupita muda, fitina ikaingia. Mwaka 995 wafalme wa Kath walipinduliwa na wakubwa wa mji wa Gurganj, na kijana yule akalazimika kuikimbia nchi yake. Alifika mpaka Rayy, karibu na mahali ulipo mji wa Tehran leo, akiwa hana kitu mkononi. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi mtu mmoja mwenye kujidai elimu ya nyota alivyomdharau huko na kuyakataa maneno yake, si kwa dalili bali kwa sababu ya ufukara wake. Na hali yake ilipotengenea, mtu yule yule akawa rafiki. Twataka vijana wetu wakumbuke habari hii. Hoja haipati uzito kwa nguo ya msemaji, wala haipungui kwa viatu vyake vilivyotoboka.

Hata katika mahangaiko hayo hakuacha kazi. Usiku wa tarehe 24 Mei mwaka 997 mwezi ulipopatwa, yeye aliutazama akiwa Kath, na Abu al-Wafa, mwanahesabu mkubwa wa Baghdad, aliutazama akiwa mjini kwake, kwa mapatano waliyoyafanya tangu mapema. Kwa kulinganisha saa ya tukio lile katika miji miwili walipata kujua ni umbali gani mji mmoja ulivyo mashariki ya mwingine. Watu wawili waliotengana kwa safari ya majuma mengi, bila ya simu wala waya, walishirikiana katika kipimo kimoja kwa kuaminiana tu.

Baadaye alikaa Gurgan, karibu na Bahari ya Kaspi, chini ya ulinzi wa mfalme Qabus bin Washmgir. Huko ndiko alikoandika, yapata mwaka 1000, kitabu chake kikubwa cha kwanza, Al-Athar al-Baqiya, kinachoeleza tarehe, kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali. Hakuwa bado na umri wa miaka 30. Na katika kitabu hicho cha tarehe, alipokuwa akieleza jinsi ya kuhesabu, ndipo alipoiweka hesabu ya ubao wa sataranji.

Kisa cha ubao huo ni mashuhuri. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, amekisimulia katika kitabu chake cha maisha ya wakubwa: kwamba mtu mmoja aitwaye Sissa alimtungia mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji, na mfalme akafurahi akamwambia achague zawadi. Sissa akaomba ngano: punje moja kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, nane kwa ya nne, na hivyo hivyo kila nyumba mara mbili ya ile iliyotangulia, mpaka nyumba zote 64 zishe. Mfalme akaona ombi lile ni dogo mno, akaamrisha alipwe. Makarani walipofanya hesabu wakarudi na habari kwamba ghala zote za ufalme hazitoshi.

Kisa kile huenda ni hadithi tu. Lakini hesabu yake ni ya kweli, na msomaji wa pwani au wa bara aweza kuifuata bila ya sataranji. Bao letu la kete lina mashimo 32 na kete 64. Ndugu zetu Wamaasai wa Kajiado wana mchezo wao wa jamii hiyo, waitao enkeshui. Basi na tuzipange kete 64 za bao kwa mstari mmoja, na tuseme kila kete ni nyumba moja ya ubao wa Sissa.

Mtu wa kawaida angeifanya hesabu hii kwa kuzidisha kwa mbili mara 63, kisha kujumlisha namba 64 moja baada ya moja. Kazi hiyo ni ndefu, na kosa moja la mkono katika hatua ya kumi laharibu zote zinazofuata. Al-Biruni hakwenda njia hiyo. Alianza kwa kutazama namna namba zenyewe zilivyopangika, akatoa kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza ni hii. Chukua nyumba yoyote, uzidishe hesabu yake kwa nafsi yake. Utapata hesabu ya nyumba iliyo mbele kwa hatua sawasawa na hatua ulizotoka nyumba ya kwanza. Nyumba ya 5 ina punje 16, nayo iko hatua 4 kutoka ya kwanza. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, na hiyo ndiyo hesabu ya nyumba ya 9, iliyo hatua 4 mbele.

Kanuni ya pili ni kwamba hesabu ya nyumba yoyote, ukiipunguza moja, ni jumla ya nyumba zote zilizotangulia. Nyumba ya 6 ina punje 32. Ondoa moja, zabaki 31. Na 1 na 2 na 4 na 8 na 16 jumla yake ni 31. Sababu yake si ngumu. Weka punje moja ya ziada pembeni. Hiyo pamoja na moja ya nyumba ya kwanza ni mbili. Mbili hizo pamoja na mbili za nyumba ya pili ni nne. Nne pamoja na nne za nyumba ya tatu ni nane. Kila ufikapo, mzigo wako ni sawa na wa nyumba ifuatayo. Ile punje ya ziada ndiyo unayoiondoa mwishoni.

Kwa kanuni hizi mbili, kazi ya kuzidisha mara 63 inageuka kuwa ya kuzidisha mara nne. Nyumba ya 5 ina 16. Izidishe kwa nafsi yake, wapata 256, nyumba ya 9. Hiyo nayo kwa nafsi yake ni 65,536, nyumba ya 17. Hiyo kwa nafsi yake ni 4,294,967,296, nyumba ya 33. Na hiyo kwa nafsi yake ni 18,446,744,073,709,551,616, ambayo ingekuwa nyumba ya 65 kama ubao ungekuwa nayo. Ubao hauna nyumba ya 65; lakini kwa kanuni ya pili, ukiondoa moja, wapata jumla ya nyumba 64 zote:

18,446,744,073,709,551,615.

Hiyo ndiyo namba ya Al-Biruni. Ina tarakimu 20. Ni bilioni kumi na nane na zaidi, na kila moja katika hizo ni bilioni nzima.

Msomaji aweza kuuliza: nitajuaje kwamba haikukosewa? Swali hilo ni la haki, na mahasibu wa Kiislamu walikuwa na mizani yake, iitwayo mizani ya tisa. Jumlisha tarakimu za namba. Ikizidi tisa, jumlisha tena, mpaka ubaki na tarakimu moja. Kumi na sita yatoa 7. Saba mara saba ni 49, yatoa 13, kisha 4; na 256 kweli yatoa 13, kisha 4. Nne mara nne ni 16, yatoa 7. Na 65,536 yatoa 25, kisha 7. Hatua ya tatu yatoa 4 tena, na namba yake, 4,294,967,296, jumla ya tarakimu zake ni 58, kisha 13, kisha 4. Hatua ya nne yatoa 7. Ondoa moja, zabaki 6. Sasa jumlisha tarakimu 20 za namba yetu: utapata 87, kisha 15, kisha 6. Mizani imekaa sawa. Kweli, mizani hii hushika makosa mengi lakini si yote, kwa kuwa tarakimu mbili zikibadilishana mahali haioni. Lakini mtoto wa darasa la sita wa Kitengela mwenye kalamu na karatasi aweza kuisimamia namba hii mwenyewe, asimfuate mtu kwa upofu.

Tuutazame ukubwa wake kwa vipimo vya kwetu. Tukikadiria kwamba kilo moja ya ngano ina punje 25,000, basi nyumba ya 22 peke yake ina kilo 84 hivi, karibu na gunia moja la kilo 90. Mpaka hapo mfalme bado acheka. Nusu ya kwanza ya ubao, yaani nyumba 32, jumla yake ni punje 4,294,967,295, kiasi cha tani 172. Malori saba ya tani 28 yangeubeba mzigo huo wote, na mtu aliyesimama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela angeyaona yakipita asishangae. Lakini ubao mzima ni zaidi ya tani bilioni 737. Dunia yote leo huvuna ngano karibu tani milioni 800 kwa mwaka. Basi deni la mfalme lingetaka mavuno ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 900. Hasara yote imejificha katika nusu ya pili, na nusu ya kwanza haikutoa hata dalili.

Namba hii ina siri nyingine, na siri hiyo ni ya akili si ya uganga. Ubao mzima ni nusu yake ya kwanza iliyozidishwa kwa 4,294,967,297. Nayo nusu ya kwanza yagawanyika kwa namna hiyo hiyo, mpaka tufike kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao. Nusu hiyo ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537. Msomaji atazame vizuri: 17 ni 16 na moja, 257 ni 256 na moja, 65,537 ni 65,536 na moja. Kila daraja aliyoikanyaga Al-Biruni katika kupanda kwake, ukiiongeza moja, ni kigawo cha namba aliyoifikia.

Daraja yake ya mwisho, ukiiongeza moja, ni 4,294,967,297. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa, mtu aliyekuwa na akili kubwa katika namba, aliamini kwamba hiyo nayo ni tasa kama wenzake watano. Ilikubaliwa hivyo kwa muda wa miaka 90 na zaidi. Mwaka 1732 Leonhard Euler wa Uswisi akaonyesha kwamba yagawanyika kwa 641, na jawabu ni 6,700,417. Basi vigawo tasa vya namba ya Al-Biruni ni saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Jina kubwa halikumwokoa Fermat mbele ya kugawanya kwa kawaida, na hilo ni funzo kwa kila mwenye kusema jambo ni kweli kwa kuwa mkubwa fulani amelisema. Na namba hii haikubaki vitabuni. Kompyuta na simu nyingi za leo huandika namba kwa mafungu ya tarakimu 64 za sufuri na moja, na namba kubwa kabisa iingiayo katika fungu moja ni hii hii ya ubao wa sataranji.

Hapa yafaa tuseme neno. Wako kwetu watu ambao wakiona namba kubwa, au herufi za abjadi zilizopangwa katika miraba, mara hufikiri habari za hirizi na kupiga ramli. Al-Biruni aliijua abjadi vizuri, na aliitumia katika majedwali yake kama tarakimu tu, kama sisi tutumiavyo 1 na 2. Aliandika pia risala ya kuwatahadharisha watu na ulaghai wa wenye kutabiri kwa nyota, ingawa kazi hiyo ya kutabiri ndiyo waliyoitaka wafalme kwa watu wa elimu yake. Kwake namba ilikuwa ushahidi, na ushahidi hauuzwi kwa kuandikwa katika kikaratasi.

Tuirudie safari yake. Yapata mwaka 1004 alirudi Khwarizm, akakaa katika baraza ya Ma'mun bin Ma'mun, mahali palipokusanyika wataalamu wengi. Alikuwa amekwisha kuandikiana na Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, maswali 18 juu ya maumbile ya dunia na mbingu, wakajibizana kwa ukali wa elimu. Lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, na Al-Biruni akachukuliwa pamoja na wengine mpaka Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Kwa mara ya pili katika umri wake aliondolewa kwao na upanga. Umri uliobaki, zaidi ya miaka 30, aliumaliza katika milki ile ya waliomteka.

Wako watu ambao msiba kama huo ungewavunja. Yeye aliugeuza kuwa masomo. Katika ngome ya Nandana, katika nchi ya Pakistani ya leo, aliona mlima uliosimama juu ya uwanda ulio sawa, akaupima mlima ule urefu wake, kisha akapanda kileleni na kupima kwa chombo ni pembe gani ukingo wa dunia ulivyoinama chini ya usawa wa jicho. Kwa pembe hiyo ndogo na urefu wa mlima ule akapata ukubwa wa dunia yote. Aliyewahi kusimama juu ya vilima vya Ngong akazitazama nyanda za Kaputiei zikienda mpaka zikakutana na mbingu, ameona kwa macho yake vitu vyote alivyovihitaji Al-Biruni. Alichokosa ni swali tu.

Alijifunza pia Kisanskriti, lugha ngumu ya wanavyuoni wa Kihindi, na yapata mwaka 1030 akamaliza kitabu chake juu ya Bara Hindi. Katika kitabu hicho aliieleza dini ya Wahindi, hesabu zao na desturi zao kama walivyozieleza wenyewe, bila ya kuwasingizia, na hali Sultani wake alikuwa akiwapiga vita. Humo pia pametajwa pwani yetu: aeleza kwamba bandari ya Somnath ilipata umashuhuri kwa kuwa ilikuwa kituo cha wasafiri waendao baina ya Sufala ya nchi ya Zanji na Uchina. Basi habari za biashara ya pwani yetu zilimfikia mtu huyo aliyekuwa mbali sana na bahari.

Mahmud alikufa mwaka 1030, na mwanawe Mas'ud akamheshimu zaidi kuliko baba yake. Al-Biruni akamtungia kitabu kikubwa cha elimu ya falaki, Al-Qanun al-Mas'udi. Imesimuliwa na Yaqut kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha wa kubebwa na tembo, naye akaurudisha katika hazina kwa kusema kwamba hauhitaji. Mwaka 1036 aliandika orodha ya kazi zake, zikatimia 113. Na bado aliendelea kuandika.

Sasa na turudi katika jambo letu la Kitengela na Kajiado. Miaka ya 2006 na 2007 ilienea nchini Kenya michezo ya fedha ya namna ya piramidi, na watu wengi walipoteza akiba zao. Mpango wake ni huu: mtu mmoja huleta wawili, na kila mmoja wao huleta wawili, na fedha ya wanaoingia hulipwa waliotangulia. Huu ni ubao wa Sissa mtupu. Kwa kanuni ya pili ya Al-Biruni, safu 20 za watu ni jumla ya 1,048,575. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kajiado nzima, pamoja na watoto wachanga na wazee, ilikuwa na watu 1,117,840. Basi safu ya 21, ambayo yenyewe peke yake yataka watu 1,048,576, haina pa kuwapata. Na lililo zito zaidi ni kwamba safu ya mwisho daima huwashinda wote waliotangulia kwa mtu mmoja. Yaani popote mchezo ukatikapo, zaidi ya nusu ya waliomo ni watu wa safu ya mwisho, waliotoa wasipate. Si bahati mbaya, wala si kwamba kiongozi alikuwa mwovu au mwema. Hesabu yenyewe imekwisha kuwahukumu kabla hawajaingia.

Na deni ni hivyo hivyo. Shilingi 100 ikizidishwa maradufu mara 12 tu huwa shilingi 409,600. Mkopeshaji atasema yeye hazidishi maradufu, atoza asilimia 10 kwa mwezi. Lakini riba hiyo ikiwekwa juu ya riba bila ya kulipwa, deni hupita maradufu katika mwezi wa 8, na katika miaka miwili hukaribia mara kumi. Mwendo ni ule ule. Tofauti ni urefu wa hatua. Aya ya 130 ya sura ya Aal Imran, ambayo wasomaji wetu waihifadhi, imekataza riba kwa kuitaja sifa yake hii hii ya kuzidishwa na kuzidishwa tena. Wengi huisoma kwa sauti nzuri. Twawaomba sasa waisome na kalamu mkononi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali mkopo, na kabla ya kuweka rehani hati ya kiwanja au kuuza ng'ombe wa mwisho.

Al-Biruni alifariki Ghazna yapata mwaka 440 Hijria, yaani 1048, ingawa wako wasemao kwamba aliishi miaka michache zaidi. Yaqut amesimulia habari ya siku yake ya mwisho. Faqihi mmoja rafiki yake alikwenda kumtazama, akamkuta roho i karibu kutoka. Mgonjwa akamwuliza juu ya suala la mirathi walilolizungumza zamani, katika hesabu ya fungu la mabibi. Rafiki akamwonea huruma, akaona kwamba si wakati wake. Al-Biruni akamfahamisha kwamba heri aiage dunia akiwa alijua suala lile kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi faqihi akamweleza, naye akalirudia mpaka akalihifadhi. Rafiki alipotoka, hajafika mbali, akasikia kilio nyumbani.

Hivyo ndivyo alivyoishi na alivyokufa mtu aliyeifikia namba ya tarakimu 20 kwa kuzidisha mara nne na kuondoa moja. Hakuiogopa kwa ukubwa wake, wala hakuikubali kwa kusikia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awajalie vijana wetu subira ya kuhesabu kabla ya kutia sahihi.